Je, Herbert Chapman alikuwa mchezaji mzuri?

Msomaji wa Morogoro, shabiki wa Arsenal tangu enzi za Thierry Henry, anauliza: "Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi. Mwenzetu mmoja anasema kocha ambaye hakuwa mchezaji mkubwa hawezi kuwaambia kitu wachezaji wakubwa. Mimi nikamtaja Herbert Chapman, kocha wa zamani wa Arsenal. Nikaulizwa alichezea wapi na alitwaa nini akiwa mchezaji, nikakwama. Naomba unieleze alikuwa mchezaji wa aina gani, kama kweli ndiye aliyebuni mfumo wa WM, na ilikuwaje Arsenal ikaendelea kubeba ubingwa baada ya yeye kufariki."

Nianze na la kwanza, maana jibu lake ni fupi: hakuwa mchezaji mkubwa. Ukitaka kumtumia kijiweni, usimtetee kwa njia hiyo, utashindwa asubuhi na mapema.

Chapman alizaliwa tarehe 19 Januari 1878 Kiveton Park, kijiji cha machimbo ya makaa ya mawe karibu na Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchimbaji asiyejua kusoma wala kuandika. Katika nyumba ile mwenye kipaji cha mpira alikuwa mdogo wake, Harry, aliyetwaa ubingwa wa ligi mara mbili na Sheffield Wednesday, 1903 na 1904, kisha Kombe la FA mwaka 1907. Herbert alikwenda kusomea uhandisi wa migodi, na mpira akauchukua kama kazi ya pembeni. Kwa muda mrefu alicheza kama mchezaji wa ridhaa, huku akitafuta ajira ya uhandisi kila mji aliohamia.

Ndiyo maana orodha ya timu zake ni ndefu kuliko sifa zake: Ashton North End, Stalybridge Rovers, Rochdale, Grimsby Town, Swindon Town, Sheppey United, Worksop Town, Northampton Town, Sheffield United, Notts County, Northampton tena, na mwisho Tottenham Hotspur kuanzia 1905 hadi 1907. Kwingine alikaa msimu mmoja, kwingine hata huo hakuumaliza. Alikuwa insaidi, yaani mshambuliaji anayecheza kati ya winga na senta fowadi, mwenye nguvu na mpambanaji, asiye na ufundi wa kuwafanya watu wasimulie wakirudi nyumbani. Pale Tottenham walichomkumbukia zaidi ni viatu vyake vya ngozi ya njano, alivyovaa, kwa maelezo yake, ili wenzake wamwone haraka wanapotafuta wa kumpasia. Hakuna kombe kubwa alilotwaa akiwa mchezaji, na timu ya taifa hakuitwa.

Lakini soma tena ile orodha. Kufikia umri wa miaka 29 mtu huyu alikuwa amepita kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya timu zaidi ya kumi, kubwa na ndogo, za ridhaa na za kulipwa. Na karibu kote alikopita, mpira ulichezwa bila mpango. Kikosi kilipangwa na wakurugenzi wa klabu, yaani wafanyabiashara waliokutana kwenye kikao na kupiga kura nani acheze. Aliyeitwa meneja kwa kawaida alikuwa katibu, mtu wa barua, tiketi za treni na mishahara. Wachezaji walipewa jezi wakaambiwa waingie. Harry, mwenye kipaji, hakuwa na sababu kubwa ya kulihoji hilo, kwani mambo yalimwendea vizuri. Herbert alikuwa nazo nyingi. Hii ni tafsiri yangu, lakini sioni nyingine inayoeleza vizuri zaidi kwa nini mchezaji wa kawaida alianza kazi ya umeneja akiwa na mawazo tayari kichwani.

Nafasi yenyewe aliipata kwa bahati. Mwaka 1907 Northampton walikuwa wameshika mkia katika Ligi ya Kusini. Walimtaka Walter Bull, mchezaji mwenzake Chapman pale Tottenham. Bull akakataa, akawaelekeza kwa Chapman, ambaye wakati huo alikuwa anajiandaa kurudi kwenye uhandisi. Akaenda kama meneja mchezaji. Huko ndiko alikogundua jambo alilolishikilia mpaka mwisho wa maisha yake: timu inaweza kushambulia kupita kiasi. Ukimkandamiza mpinzani ndani ya eneo lake kwa dakika zote, unamjazia mabeki mbele ya goli, nafasi ya kupiga inakosekana. Ukirudi nyuma kidogo, ukamwita aje, nyuma yake panafunguka. Leo kila mtangazaji wa redio anajua mashambulizi ya kushtukiza, lakini mwaka 1907 mashabiki wengi waliona kurudi nyuma ni uoga. Miaka miwili baadaye, 1909, Northampton ile ile ya mkiani ikawa bingwa wa Ligi ya Kusini.

Hapo Northampton, mwaka 1911, alimsajili pia Walter Tull kutoka Tottenham. Tull baba yake alitoka Barbados, alikuwa mmoja wa wachezaji weusi wachache mno katika soka ya kulipwa ya Uingereza, na Tottenham walikuwa wamemweka benchi la timu ya akiba baada ya kutukanwa vibaya na mashabiki wa timu pinzani. Kwa Chapman akapata nafasi ya kudumu. Baadaye alipata cheo cha uofisa katika jeshi la Uingereza na akauawa vitani Ufaransa mwezi Machi 1918.

Mwaka 1912 Chapman akaenda Leeds City, daraja la pili. Akaikuta karibu na mkia, akaipeleka nafasi ya sita, kisha ya nne, halafu Vita Kuu ya Kwanza ikaingia kati. Kuanzia 1916 alikuwa msimamizi katika kiwanda cha silaha cha Barnbow, karibu na Leeds. Vita vilipoisha ikabainika kwamba klabu ilituhumiwa kuwalipa wachezaji fedha kinyume cha kanuni wakati wa vita. Viongozi wakagoma kutoa vitabu vya hesabu, na Oktoba 1919 Leeds City ikafutwa kabisa ikiwa imecheza mechi nane tu za msimu. Wachezaji wakapigwa mnada hotelini, kweli kabisa, klabu moja baada ya nyingine ikinunua inayemtaka. Chapman naye akafungiwa. Alipokata rufaa hoja yake ilikuwa kwamba wakati malipo hayo yanadaiwa kufanyika yeye alikuwa kiwandani Barnbow. Wakamsafisha, na mwaka 1921 akaingia Huddersfield Town.

Sasa mwambie mwenzako wa kijiweni atulie asikilize hii. Huddersfield ni mji wa viwanda vya sufu ambao watu wake wengi walipenda raga kuliko soka. Chapman akamnunua Clem Stephenson kutoka Aston Villa, insaidi ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuchoka lakini kichwa hapana, akampa usukani wa timu. Mwaka 1922 wakatwaa Kombe la FA kwa penalti ya Billy Smith dhidi ya Preston North End. Mwaka 1924 wakawa mabingwa wa ligi, kwa njia ambayo nikiiangalia hadi leo natikisa kichwa.

Huddersfield na Cardiff City walimaliza wakiwa na pointi 57 kila mmoja. Wakati ule hakukuwa na tofauti ya mabao. Kulikuwa na wastani: unagawanya mabao uliyofunga kwa uliyofungwa. Huddersfield walifunga 60 na kufungwa 33, sawa na 1.818. Cardiff walifunga 61, wakafungwa 34, sawa na 1.794. Pengo la 0.024. Siku ya mwisho Cardiff walitoka suluhu ya 0-0 na Birmingham, na mchezaji wao Len Davies alikosa penalti. Kwa kanuni za leo wote wangekuwa na tofauti ya mabao 27, na kombe lingekwenda Cardiff kwa kuwa walifunga moja zaidi. Chapman aliamini kwamba bao usilofungwa lina thamani kama bao la ushindi, na kwa hesabu ya enzi zile alikuwa sahihi kuliko hata unavyodhani: ukiwa na wastani, kupunguza mabao ya kufungwa kunakuinua zaidi ya kuongeza ya kufunga. Msimu uliofuata wakatwaa tena, safari hii wakifungwa mabao 28 tu katika mechi 42, na hakuna mechi hata moja waliyofungwa zaidi ya mawili.

Mwaka huo wa 1925 Arsenal walikuwa wamemaliza nafasi ya 20 kati ya timu 22. Mwenyekiti wao, Sir Henry Norris, akatangaza nafasi ya meneja gazetini, na tangazo likasema wazi kwamba anayetegemea kujenga timu kwa kumwaga fedha za usajili asijisumbue kuomba. Chapman akaomba, akapewa, na karibu jambo la kwanza alilofanya ni kumshawishi Norris atoe fedha. Walimsajili Charlie Buchan wa Sunderland, aliyekuwa na miaka 33. Sunderland walitaka pauni 4,000. Norris akasema atatoa 2,000, na 100 kwa kila bao atakalofunga msimu wa kwanza. Buchan akafunga 21. Piga hesabu mwenyewe nani alicheka.

Na hapa ndipo tunapoingia kwenye WM, mfumo wa mabeki watatu unaoitwa hivyo kwa sababu wachezaji wa mbele wakichorwa wanaunda herufi W na wa nyuma M. Kiangazi kile cha 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Kabla ya hapo mshambuliaji alipaswa kuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli mpira unapopigwa, na mabeki walikuwa wamejua kuitumia: fulbeki (beki wa mwisho, walikuwa wawili) mmoja anapanda, mwingine anabaki, washambuliaji wote wanaotea. Sheria mpya ikasema wawili wanatosha. Mabao yakamiminika. Daraja la kwanza lilikuwa na mabao 1,192 msimu wa mwisho wa sheria ya zamani, na 1,703 msimu wa kwanza wa sheria mpya, kwa idadi ile ile ya mechi.

Tarehe 3 Oktoba 1925 Arsenal walichapwa 7-0 na Newcastle. Buchan alikuwa amekuja na wazo tangu mwanzo wa msimu, na baada ya kipigo kile akasikilizwa: senta hafu, ambaye kwa mfumo wa zamani alitembea katikati ya uwanja akishambulia na kukaba, arudi nyuma kati ya mafulbeki wawili na amlinde senta fowadi wa mpinzani. Buchan alitaka yeye mwenyewe ndiye arudi katikati kuziba pengo litakalobaki. Chapman akakataa, maana alimtaka afunge mabao, kazi hiyo akapewa Andy Neil, mchezaji wa akiba asiye na kasi ila mwenye pasi. Siku mbili baadaye walikwenda kwa West Ham wakashinda 4-0. Msimu huo wakamaliza nafasi ya pili.

Kwa hiyo ukiulizwa nani alibuni beki wa tatu, jibu la haki ni kwamba pendekezo lilikuwa la Buchan, na klabu nyingine nazo zilikuwa zinajaribu kitu kama hicho mwaka huo huo. Tatizo lilikuwa la wote na dawa yake haikuwa siri. Alichofanya Chapman kilichukua miaka mitano. Alimtafuta mtu wa kila nafasi. Herbie Roberts aliletwa kutoka Oswestry kwa pauni 200, mchezaji asiye na madoido yoyote, akafundishwa kukaa mahali pamoja na kupiga kichwa kila kinachokuja. Joe Hulme, winga mwenye mbio, akaja kutoka Blackburn. Cliff Bastin alichukuliwa Exeter akiwa na miaka 17. Mawinga hawa walikatazwa kukimbilia kibendera cha kona na kumwaga krosi kama walivyozoea watu. Waliambiwa wakate ndani waelekee goli. Msimu wa 1932-33 Bastin, winga, alifunga mabao 33 ya ligi.

Kiungo cha yote kilikuwa Alex James, Mskoti aliyevaa bukta pana hadi magotini, aliyenunuliwa Preston mwaka 1929 kwa pauni 8,750. Kwa Preston alikuwa mfungaji na fundi wa chenga. Chapman akamwambia mambo ya kufunga aachie wengine, ashuke apokee mpira kwa mabeki na kuutoa mapema kwa mawinga. James alichukua miezi mingi kukubali, na mashabiki walimzomea. Na kwa kuwa mishahara ya wachezaji ilikuwa na kikomo cha pauni 8 kwa wiki, alitafutiwa kazi ya kuonekana kwenye duka kubwa la Selfridges ili apate cha ziada. Kanuni haikuvunjwa, ilizungukwa.

Kuna kisa cha usajili wa David Jack kinachomwonyesha Chapman alivyo. Mwaka 1928 klabu yake, Bolton, walitaka pauni 13,000 ili wamwachie, fedha ambazo hakuna klabu iliyowahi kutoa. Bob Wall, kijana aliyekuwa karani wake, amesimulia kwamba walifika hotelini mapema, Chapman akamwita mhudumu na kumpa maelekezo: wageni wetu wakija, walichoagiza wape na uwape mara mbili, mimi nitaagiza jini na toniki, usitie jini, huyu ataagiza wiski na tangawizi, usitie wiski. Wageni wakanywa na kuchangamka. Bei ikaishia pauni 10,890, na bado ilikuwa rekodi.

Ninachotaka ukipeleke kijiweni ni hiki. Ukubwa wa Chapman ulikuwa katika kuinyang'anya bodi kazi ya kupanga timu. Hata huo mfumo usingefika popote kama kila wiki wajumbe wangepiga kura kumtoa Roberts kwa sababu hapendezi kumtazama. Alipofika Arsenal, Norris alikuwa mwenyekiti wa kuingilia kila kitu. Mwaka 1927 FA, yaani chama cha soka cha Uingereza, ilimchunguza Norris kwa matumizi mabaya ya fedha za klabu, akafungiwa, na baada yake hakuna aliyebaki wa kumwambia Chapman nani acheze. Alianzisha vikao vya kila wiki ambapo wachezaji walikaa mbele ya meza iliyochorwa uwanja na kusema walichokiona, hata kumpinga. Sisi wa Bongo tunaojua habari za viongozi kumpigia simu kocha usiku wa kuamkia mechi, tunaelewa uzito wa jambo hilo bila maelezo marefu.

Wachezaji wakubwa walimtii, basi, bila yeye kuwa na historia ya mabao. Walimtii kwa sababu aliyepanga kikosi ni yeye, aliyemsajili kila mmoja ni yeye, na alijua anataka nini kwa kila mmoja. Alikuwa mkali pia, na wakati mwingine mkatili. Januari 1933 Arsenal walitolewa Kombe la FA na Walsall ya daraja la tatu, 2-0. Beki Tommy Black, aliyesababisha penalti, hakukanyaga tena Highbury, uwanja wa Arsenal, kama mchezaji wao. Ndani ya siku chache alikuwa ameuzwa Plymouth.

Makombe yenyewe unayajua: Kombe la FA 1930, dhidi ya Huddersfield yake ya zamani, ndege kubwa ya Kijerumani Graf Zeppelin ikipita juu ya Wembley mpira ukiendelea, ubingwa wa ligi 1931 kwa pointi 66 na mabao 127, wa kwanza kwa klabu ya London, ubingwa tena 1933. Namba mgongoni alizijaribu mwaka 1928, zaidi ya miaka kumi kabla hazijawa lazima. Taa za usiku alizifunga Highbury, FA ikamkatalia kuzitumia kwa mechi za mashindano. Mikono myeupe kwenye jezi nyekundu ni yake, na kituo cha treni cha Gillespie Road kuitwa Arsenal mwaka 1932 ni shinikizo lake.

Swali lako la mwisho. Mwanzoni mwa Januari 1934 Chapman alizunguka kaskazini kutazama mechi kwenye baridi kali, akarudi na mafua. Daktari akamwambia alale. Akaenda Guildford kuitazama timu ya tatu ya Arsenal, kwa kuwa alikuwa hajawaona vijana wale siku nyingi. Yakageuka kuwa kichomi, na alfajiri ya tarehe 6 Januari akafariki akiwa na miaka 55. Arsenal walicheza siku hiyo hiyo na Sheffield Wednesday wakatoka sare 1-1.

Joe Shaw, beki wa zamani wa klabu, akashika timu hadi mwisho wa msimu, wakatwaa ubingwa. Kisha kazi akapewa George Allison, na huyu ndiye wa kumalizia ubishi wenu. Allison alikuwa mwandishi wa habari na mtangazaji. Mwaka 1927, Arsenal walipofungwa na Cardiff kwenye fainali ya Kombe la FA, yeye ndiye aliyekuwa akiitangaza mechi kwenye redio ya BBC. Mpira wa kulipwa hakuwahi kuucheza. Mambo ya uwanjani aliwaachia Shaw na Tom Whittaker, mchezaji aliyeumia goti ambaye Chapman alimfanya mkufunzi na tabibu wa timu. Allison akashughulika na usajili na magazeti. Alimnunua Ted Drake kutoka Southampton mwaka 1934, na msimu uliofuata Drake akafunga mabao 42 ya ligi. Ubingwa 1935, wa tatu mfululizo, kama vile Huddersfield walivyotwaa wa tatu mwaka 1926 Chapman akiwa ameshaondoka. Kombe la FA 1936. Ubingwa mwingine 1938. Mpelekee mwenzako hilo jina, mwulize Allison alichezea wapi.